UZI: Kuta za wafanyakazi wa Ford ndani ya jumba la sanaa la Detroit, na jinsi zilivyonusurika mnada

Fundi Mitambo (mleta uzi) #1

Wakuu, jukwaa hili tumezoea kubishana kuhusu magari. Lipi linakunywa mafuta, lipi vipuri vyake ni vya kuotea. Leo naomba tuwazungumzie waliokuwa wanayaunda.

Naishi Michigan, napiga zamu kwenye kiwanda kidogo cha vipuri. Nikipata siku ya kupumzika huwa napenda kwenda Detroit Institute of Arts, jumba la makumbusho ya sanaa lililopo barabara ya Woodward. Jengo lenyewe la marumaru nyeupe lilifunguliwa 1927, mchoraji wa ramani akiwa Paul Cret. Ndani kuna picha za wachoraji wakubwa kama Van Gogh na Bruegel. Lakini ukipita mlango mkuu ukanyoosha mbele, unaingia ukumbi ambao kuta zake nne zimejaa watu wa kiwandani. Zamani ukumbi huo ulikuwa bustani ya ndani, na maua na chemchemi, mahali pa matajiri kupunga upepo.

Aliyechora ni Diego Rivera wa Mexico. Mkurugenzi wa jumba wakati huo, William Valentiner, alimwita achore vipande viwili kwa dola 10,000. Rivera akaja Aprili 1932, akapelekwa kutembezwa kiwanda cha Ford cha River Rouge pale Dearborn. Kile hakikuwa kiwanda cha kuunga magari tu. Meli zilileta mawe ya chuma upande mmoja, matanuru yakayeyusha, na upande wa pili gari likatoka linaendeshwa. Rivera akachanganyikiwa kwa furaha. Alikaa miezi anachora daftarini, akisaidiwa na mpiga picha wa Ford, kisha akasema vipande viwili havimtoshi, anataka kuta zote. Vikafika 27, bei ikapanda hadi dola 20,000 na ushee, na aliyetoa pesa ni Edsel Ford, mtoto wa mzee Henry na rais wa kampuni.

Sasa shikeni hili. Rivera alikuwa mkomunisti, tena wa kutangaza, ingawa chama chenyewe kilishamfukuza 1929. Na wiki kama sita tu kabla hajafika, tarehe 7 Machi 1932, watu kama 3,000 waliopoteza kazi waliandamana kutoka Detroit kwenda geti la kiwanda hichohicho kuomba ajira na nafuu ya maisha. Polisi wa Dearborn na walinzi wa Ford wakawafyatulia risasi. Wanne walikufa palepale, wa tano, Curtis Williams, alikufa baadaye kwa majeraha yake. Huyu alikuwa mtu mweusi, na makaburi walikozikwa wenzake yalimkataa kwa rangi yake.

Kwa hiyo picha za wafanyakazi wa Ford zilichorwa na mkomunisti, kwa pesa ya Ford, damu ya wafanyakazi wa Ford ikiwa haijakauka. Naendelea chini, nisogeze kwanza chai.

Kibarua Msomi #2

Nimevuta kigoda. Usitukimbie kama wale wa "itaendelea".

Fundi Mitambo #3

Sikimbii. Twende ukutani.

Ukuta wa kaskazini unaonyesha injini ya V8, ambayo Ford ndiyo kwanza aitoe mwaka ule wa 1932. Juu kabisa wamelala majitu mawili ya kike yanayobeba malighafi, chuma na makaa; wenzao wa chokaa na mchanga wako ukuta wa kusini. Chini ndiko kazi ilipo. Watu wameinama, migongo imejipinda kwa pamoja, wanavuta bloku za injini kwenye reli huku tanuru linawaka nyuma yao. Mimi kazi yangu ni ya kuinua na kusukuma, na nawaambia aliyechora ile migongo aliiangalia. Mtu anayevuta kitu kizito havuti kwa mikono, anavuta kwa kisigino. Rivera ameweka uzito kwenye visigino.

Ukuta wa kusini ni wa bodi na uunganishaji wa mwisho. Kulia imesimama mashine ya kubonyeza mabati, kubwa kama nyumba. Wajuzi wanasema ameipa umbo la Coatlicue, mungu wa kike wa Waazteki, wenyeji wa kale wa Mexico, aliyekuwa akitolewa kafara za watu. Ukishaambiwa hivyo huwezi tena kuiona kama mashine, inakutazama. Kuna mnyapara wa miwani amekaza uso anawasimamia watu. Pembeni kuna watalii waliovaa vizuri, wamekuja kuangalia watu wakifanya kazi, na wengine sura zinaonyesha wamechoka kutazama. Na upande wa chini kulia wamesimama Valentiner na Edsel mwenyewe, wametulia kama wageni rasmi harusini.

Swali la mtihani: gari lililokamilika liko wapi? Kuta zote zile za kiwanda cha magari, gari zima ni moja. Jekundu, dogo kama punje ya mahindi, mwisho kabisa wa mstari wa uunganishaji ukuta wa kusini. Mgeni akija huwa namwacha alitafute. Wengi wanalipita.

Kuna pia picha ndogondogo za rangi ya kijivu chini ya zile kubwa, zinafuata siku ya mfanyakazi toka anagonga kadi asubuhi mpaka anapokea mshahara na kuvuka daraja la waenda kwa miguu kwenda kwenye maegesho. Daraja hilo la Miller Road ndilo ambalo Mei 1937 watu wa Ford waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi wa magari mpaka damu, waandishi wakipiga picha. Ford alikuja kukitambua chama 1941. Rivera alilichora daraja miaka minne kabla ya kipigo.

Bi Rangi #4

Mimi ni mchoraji, nipo Dar, naomba niongeze la ufundi maana watu wanadhani alinunua ndoo za rangi akapaka.

Hii ni michoro ya lipu mbichi. Rangi ya unga inasagwa, inachanganywa na maji matupu, unaipaka lipu ya chokaa ikiwa bado haijakauka. Chokaa inapokauka inarudi kuwa jiwe, na rangi inabaki imefungwa humohumo. Huwezi kuibandua kama bango. Maana yake ni kwamba kila siku unapiga lipu kipande kile tu utakachoweza kukimaliza kabla hakijakauka. Ukikosea hufuti, unabomoa na kupiga upya. Ndiyo maana wasaidizi wake walikuwa wanapiga lipu usiku, yeye anapanda jukwaani usiku wa manane na kuchora mfululizo.

Ile michoro yake ya awali ya makaa kwenye makaratasi makubwa ilikuja kukutwa stoo ya jumba hilohilo mwaka 1979. Karibu miaka hamsini imekunjwa, watu wanapita juu yake. Mleta uzi umeiona?

Fundi Mitambo #5

Bi Rangi asante sana, hayo ndiyo madini tunayoyataka. Makaratasi sijabahatika, karatasi haipendi mwanga kwa hiyo hayakai wazi muda wote.

Jogoo la Shamba #6

Mkuu, watu weusi wamo humo ukutani au ndiyo yaleyale?

Fundi Mitambo #7

Wamo, wanavuta bega kwa bega na wazungu. Na hapo ndipo mimi namkatalia Rivera kidogo. Ni kweli Ford aliajiri watu weusi wengi kuliko wenzake wa Detroit, lakini wengi wao walirundikwa kwenye kalibu, yaani kule kwenye chuma cha moto, vumbi na moshi, kazi ambayo wengine waliikwepa. Ukutani utadhani mstari wote ulikuwa wa undugu. Alichora anachotamani kiwe. Ukitaka ushahidi wa mambo yalivyokuwa, usiishie pale.

Kibarua Msomi #8

Sasa mimi nina shida na jambo moja. Tajiri amelipa, amechorwa pembeni na suti yake, maandamano ya Machi hayamo. Hiyo si tangazo la biashara jamani? Tukubali tu kwamba jamaa alinunuliwa.

Fundi Mitambo #9

Kama lilikuwa tangazo, basi wenyewe Detroit hawakulisoma hivyo. Ukumbi ulipofunguliwa Machi 1933 ulizuka moto. Kuna kipande kinaonyesha mtoto anachanjwa, nesi upande mmoja, daktari upande mwingine, na mbele yao ng'ombe, farasi na kondoo, wanyama ambao chanjo ilitokana nao. Viongozi wa dini wakasema hii ni familia takatifu ya hori imefanyiwa kejeli. Wengine wakasema majitu ya kike yale uchi wake umezidi. Wengine wakanusa ukomunisti, na hawakukosea sana, maana ukuta wa magharibi yupo mfanyakazi mwenye nyota nyekundu kwenye glavu. Gazeti la Detroit News likaandika tahariri kwamba dawa ni kupaka chokaa kuta nzima.

Edsel ndiye aliyeweka mguu chini. Alisema hadharani kwamba anaipenda roho ya Rivera na kwamba aliamini jamaa alikuwa anajaribu kueleza roho ya Detroit kama alivyoiona. Watu wakamiminika kuona kinachogombaniwa. Mwaka uleule Rivera alikwenda New York kuchora kwa tajiri Rockefeller, akamuweka Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya kikomunisti ya Urusi, ukutani. Rockefeller hakuwa Edsel. Kazi ilisimamishwa, na Februari 1934 ukuta ukapondwapondwa.

Miaka ya hamsini, wakati Marekani inasaka wakomunisti chini ya vitanda, jumba lilitundika kibao nje ya ukumbi kikisema siasa za Rivera na kupenda kwake kujitangaza ni vya kuchukiza, ila kazi aliyofanya hapa ni nzuri na inaisifu Detroit. Kile kibao mimi nakiheshimu. Mtu aliyekiandika alijua namna ya kumtukana mgeni ili mgeni asifukuzwe.

Kuhusu maandamano kutokuwepo, hapo huna wa kukupinga. Hayamo.

Mtoto wa Mstaafu #10

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Mleta uzi umepita juu ya jambo zito zaidi. Detroit ilifilisika 2013. Wazee waliozoa taka na kuzima moto wa mji huo miaka thelathini wakaambiwa pensheni zao zitakatwa, na huku mji una picha za mamilioni ya dola zimening'inia ukutani. Baba yangu alifanya kazi kiwandani hapa nyumbani, kiwanda kikafa, mafao yake aliyafuata miaka mpaka magoti yakaisha. Mimi ningeambiwa nichague kati ya picha na mafao ya mzee, ningezishusha picha kwa mikono yangu.

Fundi Mitambo #11

Ndugu, pole kwa mzee. Na swali lako ndilo lililofanya nifungue uzi, sikutaka tu kulianza na ugomvi.

Mji uliomba kufilisika rasmi tarehe 18 Julai 2013, ukiwa na madeni yanayokadiriwa dola bilioni 18. Hakuna mji wa Marekani uliowahi kufilisika kwa ukubwa huo. Wadai wakaanza kuangaza macho: nini kinauzika? Jumba la sanaa lilikuwa linaendeshwa na shirika lisilo la faida, lakini jengo na mkusanyiko vilikuwa mali ya mji. Sijui kama mnaelewa maana yake. Bruegel alikuwa kwenye daftari moja na magari ya zimamoto.

Wakaitwa Christie's, wale wa minada, kuthamini vitu ambavyo vilinunuliwa kwa pesa ya mji. Hivyo ni kama asilimia tano tu ya mkusanyiko. Wakarudi na makadirio ya kati ya dola milioni 454 na 867. Mwanasheria mkuu wa jimbo alishasema mapema kwamba sanaa ile imeshikwa kwa amana ya umma, haiuziki kulipa madeni. Wadai wakasema hayo tutayaona mahakamani.

Kilichookoa ni mpango uliosukwa na jaji msuluhishi, Gerald Rosen. Pesa zichangwe kutoka nje, ziende kwenye mifuko ya pensheni, na kwa kubadilishana mji uachie sanaa. Yaani hakuna aliyetoa senti kwa ajili ya picha peke yake. Ukitaka kuokoa picha, mlipe mzee wa zimamoto. Ilifika jumla ya dola milioni 816 za kulipwa kwa miaka ishirini: mashirika ya hisani milioni 366, jumba lenyewe likabebeshwa milioni 100 za kutafuta, zilizobaki jimbo la Michigan.

Mchangiaji mkubwa kuliko wote kwenye yale mashirika alikuwa Ford Foundation, dola milioni 125. Nani alianzisha Ford Foundation mwaka 1936? Edsel Ford. Yuleyule wa suti pale chini kulia.

Sasa wazee walipata nini. Wafanyakazi wa kawaida wa mji walikatwa pensheni asilimia 4.5 na wakapoteza nyongeza ya kila mwaka ya kufidia gharama za maisha. Polisi na zimamoto pensheni ya msingi haikuguswa, ila ile nyongeza ilipunguzwa. Mpango usingekuwepo makato yangekuwa makubwa zaidi. Wastaafu wenyewe walipiga kura 2014 wakaukubali. Jaji Steven Rhodes akaupitisha Novemba, na Desemba 2014 mji ukatoka kwenye kufilisika. Sanaa yote ikahamishiwa shirika linaloendesha jumba, haimo tena kwenye daftari la mji. Mwaka huohuo kuta za Rivera zikatangazwa alama ya kihistoria ya taifa.

Msimamo wangu ni huu: wangeuza, wadai wakubwa wangekaa meza ya mbele, mstaafu angepewa kilichobaki. Kwa njia ile pesa ilifungwa kamba, ikaenda kwenye pensheni tu.

Mtoto wa Mstaafu #12

Umeeleza vizuri na sikujua la pesa kufungwa kwenye pensheni. Lakini mkuu, kupoteza nyongeza ya kila mwaka si jambo dogo. Bei zinapanda, pensheni imesimama. Baada ya miaka kumi hiyo 4.5 yako imeshakuwa mara nyingi zaidi. Walipiga kura ndiyo kwa sababu mlango mwingine ulikuwa shimo. Hilo nalo mliandike ukutani.

Fundi Mitambo #13

Nakubali. Kupunguza jeraha si kuponya.

Ila kuna kipande kimoja cha kabla ya hapo ambacho watu hukisahau. Agosti 2012, kabla mji haujafilisika, wapiga kura wa kaunti tatu, Wayne, Oakland na Macomb, waliulizwa kama wako tayari kulipa kodi ya majengo ya ziada kwa ajili ya jumba hili. Mwenye nyumba ya dola 150,000 alikuwa anaongezewa kama dola 15 kwa mwaka. Walikubali kaunti zote tatu, Macomb kwa kura za kukwaruzana. Mwaka 2020 wakaongeza muda. Wanachopata ni kuingia bure. Ndiyo maana Jumapili pale ukumbini unakuta mzee mwenye kofia ya chama cha wafanyakazi anamwonyesha mjukuu mashine aliyoisimamia. Mimi siamini lile jumba lingepata watetezi wengi vile kama wenye nyumba wa Warren na Pontiac, miji ya kaunti hizo, hawakuwa wameshalilipia.

Mutoto wa Shaba #14

Jambo kwenu bote. Mimi mutoto wa Lubumbashi, sasa niko Grand Rapids, hukuhuku Michigan, Wakongo tuko wengi.

Hii habari imenigusa maana kwetu ni shaba ndiyo ilijenga mji. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilianza 1906, baadaye ikaja kuwa Gécamines. Ile cheminée, bomba la moshi la kiwanda, na mlima wa mabaki ya shaba, mtu wa Lubumbashi akiviona kwenye picha tu anajua ni nyumbani. Musée ya Lubumbashi ina misalaba ya shaba ya mababu, watu waliyeyusha shaba zamani sana mbele ya Mbelgiji kufika.

Na sisi tuna damu yetu. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai mshahara, asikari wakapiga risasi, watu wengi wakafa. Sammy Baloji, musanii wa picha mwana-Lubumbashi, kazi yake inayoitwa "Mémoire" imechukua picha za zamani za wafanyakazi na wazungu wao, akazikata na kuzibandika juu ya picha za leo za viwanda vilivyooza vya Gécamines. Unaona mutu wa 1920 au 1930 amesimama kifua wazi mbele ya vyuma vyenye kutu. Rivera alichora kiwanda kikiwa kinanguruma. Baloji amekuja wakati kimenyamaza. Mimi naona hii ya pili ndiyo yenyewe kwa sisi tuliobaki bila mshahara.

Bi Rangi #15

Mutoto wa Shaba umeniamsha. Hapa Dar tuna kiwanda cha Urafiki, kilijengwa kwa msaada wa Wachina, 1968. Kwenye makabati ya mama zetu kuna kanga na vitenge vya pale. Kila kanga ilichorwa na mtu, kuna waliokaa mezani na kalamu wakipanga pindo na mji, kuna waliosimama kwenye mashine za kuchapa. Vitambaa vipo, majina ya wachoraji hayapo. Nairobi wenzetu wana makumbusho ya reli tangu 1971, lakini ni ya vichwa vya treni. Waliovitia makaa wako wapi?

Mimi sitaki jumba la marumaru. Nipewe ukuta mmoja tu, na lipu, na wazee watatu wa kiwandani wa kuniambia mashine ilikuwa inasimama wapi.

Kibarua Msomi #16

Ukuta utaupata, Bi Rangi. Wa kumpata ni Edsel. Matajiri wetu hawawezi kulipa mtu awachore wadogo kuliko mafundi wao.

Jogoo la Shamba #17

😂😂 Wetu atataka picha yake iwe ukuta wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi.

Mutoto wa Shaba #18

Fundi Mitambo, nataka kupeleka familia wiki mbili zijazo, tuko sita. Umesema kuingia ni bure, si ndiyo?

Fundi Mitambo #19

Ndugu yangu, bure ni kwa wa Wayne, Oakland na Macomb. Grand Rapids ni kaunti ya Kent, hamkupigia kura wala hamlipi kodi ile, kwa hiyo mtakata tiketi. Angalia bei kwenye tovuti yao kabla hujatoka, na siku za kufunga pia, maana ni mwendo wa saa mbili na nusu. Niandikie inbox siku ukija, tukutane ukumbini. Watoto usiwaambie lile gari jekundu liko wapi.